Kulwa na Doto wamelala saa ngapi? Muulizeni yaya



Nimepotea kidogo, mtanisamehe. Niko likizo nyumbani Nassa, huku Busega, mkoani Simiyu. Nilikuja kupumzika, lakini juzi mama mmoja jirani yetu alinisimamisha karibu na jineri. Nikamwamkia, akaniuliza habari za Mwanza, halafu akaja kwenye lake: "Mwanangu, hivi binti yangu kule kwa dada yako anakula vizuri? Kwenye ile picha naona amekonda."

Nikamjibu anakula vizuri. Na ni kweli, anakula vizuri. Tatizo ni kwamba HALALI.

Ngoja niwape kisa chenyewe. Dada yangu anaishi Nyakato, Mwanza. Miezi mitatu iliyopita alijifungua pacha, Kulwa na Doto, ukoo mzima tukashangilia. Mimi ndiye niliyeagizwa kutafuta msichana wa kumsaidia. Nikampata huyu, ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne. Nikakaa na mama yake tukapanga mshahara: shilingi 50,000 kwa mwezi, kula na kulala juu ya mwenye nyumba. Nikajiona nimefanya jambo la maana. Mwandishi mzima wa habari, mwenye digrii, sikufungua hata ukurasa mmoja wa sheria!

Kabla ya kuja huku nililala kwa dada usiku mmoja. Saa 4 Kulwa akaanza. Alipotulia, Doto akaamka. Saa 7 tena. Saa 10 tena. Dada ananyonyesha, simnyimi haki yake, naye amechoka. Lakini anayemcheulisha huyu, kumbadilisha nepi yule na kumbembeleza wa pili wakati wa kwanza ananyonya, ni yaya. Saa 11 alfajiri nilimkuta ameketi mkekani, ameegemea ukuta, usingizi umemchukua, na Doto anateleza polepole kutoka mapajani. Nikamdaka mtoto. Dada akatokea mlangoni: "Unalala kazini?" Saa 12 yule binti alikuwa nje anafua.

Na shemeji je? Shemeji alilala chumba kingine, eti kwa sababu kesho ana kazi. Jamani, na yule binti kesho yake hana kazi?

Sasa tuje kwenye sheria, ambayo nimeisoma kwa kuchelewa. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, ilitenga viwango vikubwa zaidi kwa wanaofanya kazi kwenye nyumba za mabalozi, wafanyabiashara wakubwa na maofisa. Kwa nyumba za kawaida kama za kwetu, iliweka shilingi 120,000 kwa mfanyakazi asiyeishi kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayeishi humo. Oktoba 2025 serikali ikatangaza amri mpya ya kuanza 1 Januari 2026, kima cha chini cha sekta binafsi kikapanda kwa wastani wa asilimia 33.4. Mimi nitapiga hesabu kwa ile 60,000 ya zamani kwa makusudi, maana hata kwa kipimo hicho kidogo, 50,000 yangu ilikuwa dhuluma.

Angalieni hapo: anayelala kwa mwajiri alipangiwa NUSU ya anayerudi kwao jioni. Sababu inaeleweka, anakula na kulala bure. Lakini anayerudi kwao jioni analala usingizi wake. Huyu wa ndani ndiye anayeamshwa. Tunamkata hela ya kitanda, halafu kitanda chenyewe hatumpi nafasi ya kukilalia!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu na yeye pia. Inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Mapumziko ya siku ni saa 12 mfululizo, na kwa anayeishi kazini yanaweza kupunguzwa hadi saa 8, kwa makubaliano ya maandishi. Saa 8 MFULULIZO. Mwenye pacha wachanga ndani anajua kwamba hapo tumeshavunja sheria.

Tupige hesabu. Gawa 60,000 kwa saa 195 za mwezi, unapata kama shilingi 308 kwa saa. Tuseme mchana anafanya zile saa 45 tu kwa wiki (mnaruhusiwa kucheka), na usiku anaamka jumla ya saa 3. Kwa mwezi hizo ni saa 90 za ziada. Ukizilipa kisheria pamoja na nyongeza ya usiku, 60,000 inakuwa zaidi ya 103,000. Na bado sheria inasema ziada isizidi saa 50 kwa wiki 4! Maana yake hata ukiwa na hela, huna ruhusa ya kununua usiku wote wa mtu aliyekwisha kukufanyia kazi mchana kutwa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Sheria hiyohiyo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, siku 100. Kumbe serikali inajua pacha ni kazi zaidi! Dada alizidai siku zake 16 za nyongeza bila aibu, na alipewa. Yaya wa watoto haohao hakuongezewa hata mia.

Huku kwetu ni nchi ya pamba. Miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, walijenga ushirika hadi wakapata chama kikuu cha VFCU mwaka 1955, na moja ya vilio vyao vikubwa ilikuwa mizani ya wanunuzi. Mpaka leo mama wa yule binti hawezi kuacha kilo moja ya pamba yake ipite bila kuiona mizani kwa macho. Lakini usiku wa binti yake tuliuchukua bila kuupima, na mpimaji nilikuwa mimi.

Najua mtaniambia: dada yako naye ana mshahara wa kawaida, atatoa wapi? Swali zuri. Kama hela haitoshi kununua saa zote hizo, basi tupunguze saa, tusipunguze malipo. Shemeji ashike zamu mpaka saa 6 usiku. Yaya akikesha, asubuhi alale mpaka saa 7 mchana na nepi zimsubiri. Usiku uandikwe kwenye makubaliano, kwa saa na kwa bei yake, kama tunavyoandika kodi ya nyumba. Na siku moja kwa wiki iwe yake kamili, saa 24, maana hiyo nayo ipo kwenye sheria.

Jana nimempigia dada nikamweleza haya yote. Akaniuliza kama nimeenda likizo au nimeenda kugombea ubunge. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Nitaongea na baba Kulwa." Mimi nimeahidi kumlipa yule binti ile 10,000 iliyopungua kila mwezi, tangu alipoanza. Ni deni langu, si zawadi.

Kesho nakwenda kwa mama yake kumwambia ukweli kwa nini binti amekonda.

Na wewe msomaji, aliyekubebea mwanao usiku wa kuamkia leo, alilala saa ngapi?

Nawasilisha.