Changarawe iuzwe kwa mita, si kwa tripu

MVUA za Novemba zinapokaribia, wenye nyumba wa Mtendeni na mitaa mingine ya mji wa Tabora huanza kutazama nyua zao kwa wasiwasi. Vumbi la kiangazi liko karibu kugeuka tope, na tope hilo huweza kudumu hadi Aprili. Wenye gesti, migahawa na nyumba za kupangisha ndio wenye hofu zaidi, kwani mteja aliyechafua viatu mlangoni si rahisi kurudi. Ndipo lori la changarawe linapotafutwa, na ndipo fedha za wengi zinapoyeyuka.

Zinayeyuka kwa sababu ya neno moja: tripu. Muuzaji anataja bei ya tripu, mnunuzi anaomba apunguziwe, wanakubaliana, mzigo unamwagwa. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyetaja ujazo. Tripu ya lori moja si tripu ya lori jingine, na hata lori lile lile asubuhi linaweza kujaa na jioni likapungua.

Jambo hili linashangaza zaidi kwa kuwa linatokea Tabora. Kabla Reli ya Kati haijaufikia mji huu mwaka 1912, hapa palikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na ile iliyoelekea kaskazini. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, kitambaa kwa doti, na mzigo wa mpagazi ulijulikana kuwa kilo 30 hivi. Aliyeingia katika biashara ile bila kujua vipimo alirudi pwani na hasara. Leo wajukuu wa biashara hiyo wananunua mawe kwa kukadiria kwa macho.

Hesabu ya ua mmoja

Hesabu yenyewe haihitaji msomi. Urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita. Ua wa mita 8 kwa mita 5 una eneo la mita za mraba 40. Changarawe laini ya duara, yenye ukubwa wa punje ya njegere, hutosha ikiwa na kina cha sentimita 5. Hivyo 40 mara 0.05 ni mita za ujazo 2. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kushuka na kupotea, jumla inakuwa 2.2.

Mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20, na uzito wake ni tani 1.6 hivi. Kwa hiyo ua huo unahitaji ndoo 110, au tani 3.5. Kila ndoo iliyojaa ina kilo 32 hivi, karibu sawa na mzigo wa mpagazi wa zamani. Mwenye nyumba anayeidharau hesabu hii afikirie msafara wa wapagazi 110 ukiingia uani kwake.

Lori nalo lina hesabu yake. Tuchukue sanduku la mita 3 kwa mita 2. Likijazwa hadi nusu mita, limebeba mita za ujazo 3. Likijazwa sentimita 40 tu, limebeba 2.4. Kwa macho ya mtu aliyesimama chini, tofauti hiyo haionekani, lakini ni ndoo 30 kamili, zinazotosha kufunika mita za mraba 12.

Sasa bei, kwa mfano tu. Muuzaji wa kwanza anataka Sh. 180,000 kwa lori lililojaa nusu mita. Kila mita ya ujazo ni Sh. 60,000. Wa pili anataka Sh. 160,000 kwa lori la sentimita 40. Kila mita ni karibu Sh. 66,700. Mnunuzi wa tripu atamkimbilia wa pili akijisifu kuwa ameokoa Sh. 20,000. Rahisi ghali, walisema wahenga. Dawa yake ni futikamba: mzigo usawazishwe na kupimwa ukiwa bado garini, tena baada ya kufika, maana barabarani hushuka.

Jina na kazi

Upo pia mtego wa majina. Kwa wengine changarawe ni moramu ya barabarani, kwa wengine ni kokoto za kupasuliwa, na kwa wengine ni vijiwe vya duara vya mtoni. Vitu hivyo havifanani kwa bei wala kwa kazi. Vijiwe vya duara ni vizuri kwa njia ya miguu na bustani, lakini huteleza chini ya magurudumu. Panapoegeshwa gari, kokoto zenye kingo hufaa zaidi kwa sababu hushikana.

Kutandika nako kuna gharama yake. Udongo wa juu uondolewe pamoja na magugu, na ua upewe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, maji yaende mbali na msingi. Moramu ishindiliwe kwanza. Kingo zizungushiwe matofali, la sivyo vijiwe vitahamia barabarani. Anayemwaga changarawe juu ya tope anazika fedha. Masika yakiisha hataiona.

Wauzaji wana utetezi wao. Wanasema machimbo yako mbali, mafuta ni ghali, na anayetaja kipimo cha kweli huonekana ana bei kubwa akakimbiwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inathibitisha tu kwamba tripu inamwadhibu mwaminifu na kumlinda mpunjaji. Kipimo kikitajwa na wote, mwaminifu ndiye atakayepata soko.

Wakulima wamepiga kelele kwa miaka mingi dhidi ya lumbesa, ambapo gunia hujazwa kupita kiasi na mkulima hulipwa la kawaida. Tripu ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba hapa anayeumia ni mnunuzi. Nchi ina Sheria ya Vipimo na ina Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila ua. Mnunuzi ndiye mkaguzi wa kwanza.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hapa ipo nafasi. Lori lililochorwa mstari wa ujazo ndani ya sanduku, yadi inayouza kwa ndoo, toroli na mita, na risiti inayoonyesha kipimo: hayo hayahitaji mkopo mkubwa. Yanahitaji rangi, futikamba na kalamu. Mtu wa kwanza Mtendeni kuyafanya atapoteza wateja wa wiki moja na kupata wa miaka mingi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na changarawe, ingawa ni mawe tu, nayo ni mali.