Maelezo ya Toleo ni Makabidhiano ya Zamu

Muuguzi wa zamu ya usiku hamwambii mwenzake wa asubuhi kwamba wagonjwa wote wanaendelea vizuri, kisha akaondoka. Humweleza ni nani aliyebadilishiwa dawa, nani aliyepandisha homa saa nane usiku, na majibu ya kipimo gani bado yanasubiriwa. Katika programu za kompyuta, zikiwamo zinazoendesha mashine za tiba, makabidhiano hayo hufanyika kwa waraka mfupi uitwao maelezo ya toleo. Mtengenezaji humwandikia mpimaji, ambaye kazi yake ni kuitafutia programu kasoro kabla haijamfikia mgonjwa. Mara nyingi waraka wenyewe ni mstari mmoja: marekebisho madogo yamefanyika.

Mstari huo ni hatari kuliko kunyamaza. Mpimaji hana muda wa kukagua kila kitu upya. Hupima kwa bidii pale alipoambiwa pameguswa, na kwingine hupita haraka.

Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi ya kampuni ya AECL ya Kanada, ni ushahidi wa gharama yake. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita wa Marekani na Kanada walipigwa mionzi iliyozidi kiasi kwa mbali mno, na baadhi yao wakafa. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Therac-20, ambayo ilikuwa na vizuizi vya vifaa vya kukata mionzi mambo yalipokwenda kombo. Katika mashine mpya vizuizi hivyo viliondolewa, ulinzi ukaachiwa programu. Nayo kasoro waliyokuwa wakiifunika ikapata njia. Watengenezaji hupenda kutangaza walichoongeza. Walichoondoa ndicho kinachostahili kuandikwa kwanza.

Baada ya ajali ya Hamilton, Ontario, Julai 1985, kampuni ilishindwa kuirudia hitilafu, ikabadilisha sehemu iliyoishuku, kisha ikawaarifu watumiaji kwamba usalama umeongezeka angalau mara 100,000. Tarakimu hiyo iliwatuliza watu waliopaswa kubaki na wasiwasi. Maelezo ya kweli yangesema: chanzo hakijathibitishwa.

Mwaka uliofuata, mjini Tyler, Texas, wagonjwa wawili wakadhurika. Skrini ilionyesha hitilafu namba 54, ambayo kitabu cha maelekezo hakikuieleza ipasavyo. Mtaalamu wa fizikia wa hospitali na mwendesha mashine walijaribu tena na tena hadi wakaipata siri: hitilafu ilitokea pale mwendeshaji aliposahihisha aina ya mionzi kwa haraka, ndani ya sekunde 8. Kampuni ilipojaribu haikuona kitu, mpaka ilipoambiwa kwamba vidole viende upesi. Basi taarifa inayorudi kwa mtengenezaji nayo yahitaji uangalifu uleule, hata kwa jambo dogo kama kasi ya kuchapa.

Yapo mazoea mema. Mfumo wa DHIS2, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaokusanya takwimu za afya Tanzania na Kenya, huchapisha maelezo ya matoleo yake hadharani. Hospitali inayonunua programu yoyote inaweza kudai zaidi ya hapo katika mkataba: kila toleo lije na waraka unaotaja kilichobadilishwa, kilichoondolewa na ambacho hakijapimwa, kwa lugha anayoielewa muuguzi atakayelitumia usiku huohuo.