Hukumu ya kifo: aliyekufa hasemi nani alinunua dhahabu

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaobaki nyumbani mkingoja, tuongelee jambo moja ambalo linasemwa sana Bunia tangu 2024. Kila mara damu inamwagika kwenye njia ya machimbo, tunasikia neno moja tu: "Wamunyonge, iishe." Hasira hiyo tunaielewa. Ni sisi tunazika. Lakini sisi wa sendika tunauliza: hiyo kamba itatuletea nini?

Tukumbushane kwanza. Kwa desturi ya sheria yetu, raia ananyongwa, askari anapigwa risasi. Kwa miaka zaidi ya 20 Leta ilikuwa inatoa hukumu ya kifo bila kuua; watu wa mwisho waliuawa Januari 2003. Tarehe 13 Machi 2024, waziri wa haki Rose Mutombo aliandikia wakubwa wa mahakama kwamba mapumziko hayo yamekwisha, juu ya wasaliti katika jeshi, makundi yenye silaha na majambazi wa mijini. Waziri aliyemfuata, Constant Mutamba, alipeleka wafungwa zaidi ya 170 kwenye gereza la Angenga, mbali kule Mongala, kati ya mwisho wa 2024 na mwanzo wa 2025, ili hukumu zao zitimizwe. Wengi ni vijana, wale wanaoitwa Kuluna.

Hapa kwetu jambo hili liko karibu sana. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko katika état de siège, na tribinali za kijeshi ndizo zinahukumu raia. Wizi wa kutumia silaha unaweza kukuletea kifo. Ile wanaita association de malfaiteurs, vilevile. Mchimbaji anajua inavyokuwa: kundi likishika njia ya shimo, unatoa kidogo ya dhahabu yako ama unakufa. Kesho askari wakikukamata, kule kutoa kunaweza kuitwa kusaidia waasi. Mtu asiye na feza ya avoka atajieleza namna gani?

Tutazame kesi moja ya hapa hapa. Tarehe 17 Machi 2022 Wachina wawili waliuawa katika Ituri, wakitoka kwenye machimbo na barre 4 za dhahabu na dola 6.000. Januari 2023 tribinali ya kijeshi ilihukumu kifo askari kadhaa, kati yao kanali wawili, waliosemwa ndio walipanga ile mambo. Watu wengi walifurahi, juu mara hii wakubwa pia waliguswa. Hata sisi tuliona ni vizuri mahakama ifike kwa wenye cheo. Lakini wizi wa dhahabu uko na ngazi. Kuna anayefyatua risasi, kuna aliyemtuma, kuna anayefungua barabara, kuna anayenunua, na kuna anayepitisha mpaka. Ili upande hiyo ngazi, unahitaji yule wa chini aongee. Mtu aliye gerezani anaweza kuongea kesho, ama kisha miaka mitano, wakati hofu yake imepungua. Ukimuua, umefunga kinywa chake, na yule mnunuzi analala vizuri.

Wengine wanasema kifo kinatia woga. Historia yetu inasema nini? Tarehe 2 Juni 1966, Mobutu alinyonga wazi mbele ya umati wa Kinshasa wanasiasa wanne: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Mwezi uliofuata askari waliasi Kisangani, na 1967 wakaasi tena. Mzee Laurent-Désiré Kabila naye aliweka Cour d'ordre militaire, ambayo iliua watu wengi. Haikumlinda: Januari 2001 mlinzi wake mwenyewe alimpiga risasi. Na leo, wale waliochinja waamini Komanda Julai 2025, wale CODECO walioua watu Djaiba Februari 2025, kweli wanaogopa kufa? Mtu anayebeba silaha porini kila asubuhi anajua anaweza kufa siku hiyo.

Tunajua mtatujibu: "Na Lubanga?" Swali hilo ni la haki. CPI ya La Haye haina hukumu ya kifo. Ilimpa Thomas Lubanga miaka 14, Germain Katanga miaka 12 juu ya Bogoro, Bosco Ntaganda miaka 30. Lubanga alitoka 2020, na 2025 jina lake limerudi na kundi la CRP. Inauma sana. Lakini CODECO haikumngojea Lubanga, ADF pia haikumngojea. Wakati yeye yuko gerezani, wengine walishika bunduki, juu dhahabu iliendelea kuwalipa. Tena, ile mahakama ilifanya jambo moja ambalo kamba haifanyi: iliwaita wahanga na kuwasikiliza. Katika kesi ya Katanga, watu 297 walipewa haki ya fidia, dola 250 kila mmoja pamoja na msaada wa pamoja. Ni kidogo, ndiyo. Hapa kwetu, mjane wa mchimbaji mara nyingi anarudi toka tribinali mikono mitupu.

Na nani kweli ataguswa? Septemba 2024 watu 37 walihukumiwa kifo juu ya jaribio la kupindua serikali la tarehe 19 Mei. Kati yao Waamerika watatu. Aprili 2025 Rais alibadilisha hukumu yao, wakarudishwa kwao, wakati huo huo Kinshasa inaongea madini na Washington. Hatuoni wivu juu ya uhai wao. Tunauliza tu: mtoto wa Mongbwalu ana ubalozi gani wa kumuombea? Mutamba mwenyewe, aliyetaka wengine wauawe, Septemba 2025 alihukumiwa miaka 3 juu ya feza za Leta, naye akasema ni njama. Kama waziri wa zamani haamini majaji, mchimbaji aamini namna gani, na shingo yake ikiwa mezani? Kosa la gerezani linarekebishwa. Kosa la kamba, hapana.

Katiba yetu iko wazi. Kifungu cha 16 kinasema mtu ni mtakatifu, na kila mtu ana haki ya kuishi. Kifungu cha 61 kinasema haki ya kuishi haiguswi, hata katika état de siège.

Njo maana, badala ya kulilia kamba, tudai haya. Raia warudishwe mbele ya mahakama za kiraia. Kila mshitakiwa apate avoka toka siku ya kwanza ya kukamatwa. Kila kesi ya damu ya machimbo ifuate dhahabu mpaka kwa mnunuzi, na mali yake ilipe wajane na yatima. Muuaji abaki gerezani maisha yake yote kama lazima, lakini abaki hai, aweze kujibu maswali. Na ninyi mlioona kitu, msiende peke yenu kwa prokirere: pitieni sendika, twende wengi.