Mrija Mdogo Mkononi mwa Mtoto

Sisi wa Busawe mtoto akilazwa Mugumu au Tarime kwa malaria kali, mara nyingi huwekewa kanula, ule mrija mwembamba uingizwao katika mshipa wa mkono ili apitishiwe dripu na dawa. Kanula huokoa maisha. Lakini ngozi aliyotupa Mungu ni ukuta, na hapo ukuta umetobolewa. Vijidudu vikipita hapo vinaweza kuingia moja kwa moja katika damu.

Wenzetu wa Kilifi, Kenya, waliwafuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya kuanzia mwaka 2002 hadi 2009. Katika kila watoto 1,000, karibu 6 walipata maambukizi ya damu wakiwa wodini. Utasema ni wachache. Basi sikia: zaidi ya nusu ya hao walifariki. Si wote walioambukizwa kupitia kanula, na wenye utapiamlo mkali walikuwa hatarini zaidi. Hata hivyo, mlango huu mama aliye kando ya kitanda anaweza kuulinda.

Wewe ndiwe uliye na mtoto usiku kucha. Muuguzi ana wodi nzima. Nawa kwa sabuni kabla ya kuushika mkono huo. Plasta ikilowa au ikibanduka, mwite muuguzi, usiibandike mwenyewe. Usiuviringishe mkono kwa kanga, hasa ile uliyomfutia kamasi! Wageni wanaokuja kumwombea nao wanawe.

Mhudumu naye hutakiwa kusafisha mikono yake, na kufuta mdomo wa kanula kwa spiriti kabla ya kupitisha dawa. Akisahau, mwambie kwa upole: "Sista, samahani, naomba unawe kwanza." Wengi huogopa. Mimi ni muuguzi, nami nasema muuguzi mwema hachukii.

Kila asubuhi daktari apitapo, uliza kama kanula bado inahitajika. Mtoto akishaanza kunywa na kumeza dawa vizuri, huenda haina kazi tena. Ila usiichomoe mwenyewe.

Pakivimba, pakiuma au pakitoa usaha, sema saa hiyo hiyo. Katika ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani upesi. Gusa kando ya plasta kwa mkono safi, usikie kama pana joto au pamekuwa pagumu. Na mtoto aliyekwisha kupata nafuu akianza upya homa na kutetemeka, usinyamaze ukidhani ni malaria imerudi. Mwite muuguzi, umwonyeshe ule mkono.