Usimchague Mbwa kwa Sura

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya mbwa. Najua wako watakaocheka, wakisema kwamba mbwa ni mbwa tu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka siku ile nilipokaribia kumwua mbwa wangu kwa ujinga wangu mwenyewe.

Nilikuwa nimenunua buldogi, mbwa mnene mwenye pua bapa, kwa kupenda uso wake wa kutisha. Siku moja ya likizo nilifuatana naye kwa miguu kwenda shambani kwa baba, mwendo wa saa moja na nusu, katika jua la saa saba. Hatukufika nusu ya njia akaanguka, akikoroma kama mtu anayekabwa koo. Mama mmoja aliyekuwa akitoka mtoni alinipa maji ya mtungi wake, tukammwagia mwilini. Akapona kwa taabu.

Kosa halikuwa lake. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Mwenye pua fupi hahemi sawasawa, kwa hiyo joto humlemea upesi. Basi, kabla ya kutazama sura, jiulize: mbwa huyu atafanya kazi gani, na mahali pa joto au pa baridi?

Ukitaka wa kutembea naye mwendo mrefu juani, yafaa awe na nywele fupi na pua ndefu. Mfano ni Rhodesian Ridgeback, ambaye nywele za mgongoni mwake huota mstari kuelekea mbele. Sifa za jamii hiyo ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na wazazi wake walitumiwa kusini mwa Afrika katika kuwinda simba. Lakini ni mkubwa, hula sana, naye hutaka bwana asiyebadili amri zake kila siku.

Mbwa mchungaji wa Kijerumani hufundishika upesi, ila nywele zake ni nzito, na wengine hurithi ugonjwa wa nyonga. Watazame wazazi wake wanavyotembea kabla ya kutoa fedha. Border Collie, aliyetoka mpakani mwa Uingereza na Scotland, ni hodari mno wa kuchunga kondoo. Lakini asipopewa kazi atajitafutia mwenyewe, naye atachunga kuku wako na baiskeli za wapita njia.

Wala tusimdharau mbwa wetu wa kienyeji. Amezoea jua letu na hali hatufilisi. Wakulima wengi hawahitaji mwingine, mradi wamlishe vema na kumfundisha tangu udogo.

Awe wa jamii yo yote, mbwa na achanjwe kila mwaka kuzuia kichaa cha mbwa, kwa maana ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu, ni nadra sana apone. Tembea naye asubuhi au jioni, chukua maji, na mkirudi mtafute kupe masikioni na kati ya vidole. Usimkimbize mtoto wa mbwa mwendo mrefu kabla mifupa yake haijakomaa.

Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini buldogi wangu simlaumu. Yeye ni mlinzi mwema wa baraza. Mimi ndiye niliyemtaka awe msafiri.