Siku Mbili Lima? Acheni Hizo!

"Siku mbili zinatosha." Hiyo ndiyo kauli utakayoipata kwa karibu kila aliyewahi kupita Lima, mji mkuu wa Peru, na kwa wengi ambao hata hawajawahi. Shuka uwanja wa ndege, lala usiku mmoja mtaa wa Miraflores, piga picha juu ya genge la bahari, onja samaki mbichi wa ndimu, halafu haraka panda ndege ya Cusco ukaione Machu Picchu. Eti Lima haina kitu. Eti mbingu yake ya kijivu, magari hayasogei, vibaka wamejaa. Mimi nasema kauli hiyo ni uvivu mtupu, na kwa kijana anayejiita mwandishi ni aibu kabisa.

Tuanze na hesabu. Hakuna ndege ya moja kwa moja toka kwetu kwenda Lima. Utazunguka Addis Ababa na São Paulo, au utapitia Ulaya, na kufika kwako ni zaidi ya siku nzima ya kukaa vitini na kusubiri. Nauli inakula akiba ya miezi, kama si ya miaka. Halafu unafika kwenye mji wenye watu takriban milioni 10, yaani karibu theluthi moja ya Waperu wote, unaupa siku mbili! Wewe ni sawa na yule mtu aliyetoka Kigoma kuja harusini Dar, akala pilau, akageuza kabla bibi harusi hajatoka ndani.

Na jamani, sisi ndio wa kufanya hivyo? Sisi ambao kila siku tunaona watalii wakishuka Nairobi asubuhi na jioni wako Mara wanahesabu simba? Dar es Salaam wangapi wanaijua kwa sababu ya boti ya Zanzibar tu? Tukisikia mji wetu unaitwa mji wa kupita, tunanuna mpaka tunaandika barua kwa mhariri. Tukipata pasipoti, tunafanya yale yale.

Hebu tulichukue hilo la mbingu. Ni kweli, kuanzia kama Juni mpaka Oktoba Lima hufunikwa na ukungu unaoitwa garúa. Maji baridi ya bahari ya Pasifiki yanaupoza upepo, wingu linakaa chini kama kifuniko cha sufuria, jua hulioni wiki nzima. Lakini mvua hainyeshi! Hapo ndipo pa kutuliza akili. Mji wa watu milioni 10 umekaa jangwani, unategemea zaidi mto Rímac na mito mingine inayoshuka toka milimani, na kule juu ya vilima vya pembezoni kuna watu hawana bomba, wananunua maji ya maboza, na bei yake kwa pipa inamzidi mbali tajiri wa Miraflores anayefungua koki tu. Kuna vilima ambako wakazi wametandaza nyavu kubwa kuunasa huo huo ukungu na kukinga matone yake. Mtalii wa siku mbili analalamika kwamba picha zake zimetoka kijivu. Mwenzake wa kilimani anauvuna ukijivu huo kwa ndoo. Sasa niambie, yupi kati yao ameiona Lima?

Najua kuna watakaonirushia kitabu cha Sebastián Salazar Bondy cha mwaka 1964, kinachouita mji huo wa kutisha tangu kwenye jina lake. Sawa. Lakini Salazar Bondy alizaliwa Lima 1924 na akafia Lima 1965. Alikuwa anawapiga vita wenyeji wenzake waliokuwa wakiota enzi za wakoloni wa Kihispania kana kwamba ilikuwa peponi. Yeye aliutukana mji akiwa analipa kodi ya nyumba humo. Wewe umelipa usiku mmoja wa hoteli.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi. Francisco Pizarro alipouanzisha mji huo mwaka 1535, Waafrika watumwa walikuwemo tangu mwanzo. Katika karne ya 17 weusi walikuwa karibu nusu ya wakazi wa Lima. Karibu nusu! Utumwa ulifutwa 1854 chini ya Ramón Castilla. Je, kwenye hizo siku mbili zako umewaona wapi watu hao? Umeona uwanja mkuu, kanisa kuu, mifupa ya chini ya monasteri ya San Francisco, basi. Hukuambiwa kwamba picha ya Kristo inayotembezwa mitaani kila Oktoba, umati wa watu ukiwa umevaa zambarau tangu shingoni hadi miguuni, kwa mapokeo yao ilichorwa ukutani mwaka 1651 na mtumwa kutoka Angola, na kwamba ukuta ule ulibaki wima tetemeko la 1655 lilipobomoa vingine. Hukuambiwa kwamba Mtakatifu Martín de Porres, aliyezaliwa Lima 1579, mama yake alikuwa mwanamke mweusi aliyeachwa huru. Hata ile mishikaki ya moyo wa ng'ombe, anticuchos, unayoinunua kona jioni, husimuliwa kuwa watumwa ndio walioikuza, kwa nyama ambayo mabwana hawakuitaka mezani.

Na kwetu sisi wa mashairi kuna jambo la kutunyima usingizi. Nicomedes Santa Cruz, mtoto wa Lima aliyezaliwa 1925 na kufariki 1992, alitunga kwa bahari inayoitwa décima: mistari 10, kila mstari mizani 8. Mizani nane, ndugu yangu! Sisemi ni ndugu wa damu na shairi letu, maana décima ilitoka Hispania. Lakini kaa kwenye ukumbi wa muziki usiku wa Ijumaa, sanduku la mbao wanaloliita cajón likipigwa kwa viganja, mtu akighani kwa mizani nane, halafu uniambie sikio lako lililolelewa kwa tarbia halikushtuka. Ila kumbi hizo huchangamka usiku mwingi, na wewe saa kumi za alfajiri una ndege ya Cusco.

Mimi nilikaa siku 12. Siku tatu za kwanza nilikuwa mtalii kama wengine, sina la kujivunia. Kuanzia ya nne nikaacha teksi nikaanza kupanda combi, vile vibasi vyao ambavyo konda ananing'inia mlangoni akiimba majina ya mitaa na kupiga "sube, sube, sube", panda, panda. Hahitaji mkalimani mtu wa Dar. Nikapanda pia treni ya Laini ya 1 hadi kituo chake cha mwisho cha kusini, Villa El Salvador. Hapo mwaka 1971 maskini waliovamia ardhi karibu na mji walihamishiwa kwenye mchanga mtupu, wakaanza na vibanda vya mikeka ya matete. Walijipanga wenyewe kwa vitalu, wakajenga shule na majiko ya pamoja, na mwaka 1983 pakawa wilaya kamili. Mwanamke mweusi wa hapo, María Elena Moyano, aliyekuwa naibu meya, aliuawa na waasi wa Sendero Luminoso tarehe 15 Februari 1992 kwa sababu alikataa kuwaogopa. Alikuwa na miaka 33. Hayo yote yako mwisho wa reli, kwa nauli ndogo tu, na mtu anakwambia Lima haina kitu!

Vitabu je? César Vallejo alichapisha Trilce mwaka 1922 kwenye kiwanda cha uchapaji cha gereza la Lima. Tunaolia kila siku kwamba hatuna wachapishaji tulitafakari hilo. Julio Ramón Ribeyro alichapisha mwaka 1955 hadithi juu ya watoto wawili wanaookota takataka alfajiri kumlisha nguruwe wa babu yao, na ukitembea Lima kabla jua halijatoka utaona kwamba hakubuni mji ule. Kwenye soko la vitabu la Jirón Amazonas unaweza kupoteza siku nzima, na usishangae nakala za kiharamia. Biashara hiyo kule ni kubwa kiasi cha kuwakosesha usingizi waandishi wenyewe.

Basi ni siku ngapi? Nasema kumi. Zisipungue, na ziwe na Ijumaa mbili ndani yake. Ukiwa na wiki mbili, zipe milima nne zilizobaki, maana Cusco iko mita 3,400 juu ya bahari na mwili unahitaji muda kuzoea. Ukiwa na wiki moja tu, kaa Lima yote saba na Machu Picchu iache. Ndiyo, nimesema iache! Mawe yale yamesubiri tangu karne ya 15, yatakusubiri na wewe. Wapo pia wa upande wa pili, wanaodai bila miezi mitatu mtu asiandike. Hao wana wajomba wa kuwalipia.

La usalama silipuuzi. Mwaka 2024 wenye mabasi na madereva wa Lima waligoma kwa sababu magenge yalikuwa yanawatoza fedha kwa vitisho na kuwapiga risasi wasiolipa. Konda niliyemsifia hapo juu anafanya kazi akiwa na hofu hiyo. Uliza wenyeji mtaa gani usiingie usiku, ficha simu, usijifanye shujaa. Lakini hatari iliyowakalia watu milioni 10 kila siku haiwezi kuwa sababu ya mwandishi kukimbia siku ya pili na kuandika kurasa nne juu ya llama.

Nenda Oktoba kama unaweza. Beba sweta, mwavuli uache nyumbani. Samaki wa ndimu kula mchana, wenyeji hawamli usiku.