DAKTARI HUPIMA KIDOLE, NANI ATAPIMA KAZI?



Katika madai ya fidia iko namba moja ambayo wanachama wengi hawaitazami mpaka imekwisha andikwa na kupigwa mhuri. Namba hiyo ni asilimia. Mtu huumia kazini, hulala hospitali, hupona kidonda, kisha daktari huandika kwamba mwili wake umepungukiwa kwa asilimia kadha wa kadha. Yeye huona ni hesabu ya madaktari tu, haimhusu. Lakini hiyo ndiyo fidia yenyewe, na mengine yote katika faili ni maelezo.

Tazameni hesabu. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka 2007, yasema kwamba fidia ya ulemavu wa kudumu itahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Aliyepoteza mikono yote miwili, au macho yote mawili, ni asilimia 100, naye hupata miezi yote 96, kwa mipaka iliyowekwa na Waziri. Aliyepungukiwa kidogo hupata sehemu yake. Basi gawanya miezi 96 kwa 100, utaona kwamba kila asilimia moja ni karibu mshahara wa mwezi mzima. Chukua kima cha chini cha kibarua wa Nairobi kilichotangazwa kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, yaani Sh. 16,113.75 kwa mwezi bila ya nyumba. Miezi 96 ni Sh. 1,546,920. Asilimia moja ni Sh. 15,469 na senti kidogo. Kwa hiyo daktari akiandika 10 mahali pa 15, amefuta mishahara ya karibu miezi mitano kwa kalamu moja. Sisi tulipogoma siku nyingine kwa nyongeza ya shilingi mia chache tulijaza barabara. Kwa miezi mitano hii hakuna hata anayeuliza.

Kampuni za bima zaijua hesabu hii vizuri sana. Ndiyo sababu, faili ikiwafikia, mara nyingi huomba mtu apimwe tena kwa daktari wao. Huo ndio ukaguzi ambao wanachama wanauogopa, na wana haki kuuogopa, ingawa kuomba maoni ya pili si kosa. Kosa liko katika jinsi mfanyakazi anavyoingia kwenye chumba kile. Huingia peke yake, bila karatasi, akaulizwa maneno mawili matatu, akaambiwa akunje vidole, akatoka. Baadaye namba imeshuka.

Nitawapa habari ya mwanachama mmoja, jina lake nitaliacha, na la tajiri wake pia. Anakaa Kawangware, na kazi yake ilikuwa kusuka vyuma vya nguzo katika nyumba za ghorofa zinazojengwa Kileleshwa. Mnaoifanya kazi hiyo mwaijua: mkono mmoja washika chuma, wa pili wazungusha waya kwa koleo, mara elfu kwa siku, na nguvu yote iko katika kidole gumba na viwili vinavyokifuata. Rundo la vyuma likamwangukia mkono wa kulia. Akakatwa kidole cha shahada na kipande cha cha kati. Mshahara wake ulikuwa Sh. 25,000 kwa mwezi. Daktari wa kwanza akaandika asilimia 18, ambayo ni Sh. 432,000. Akaitwa kwa daktari wa pili mjini, ghorofani, akakaa humo muda usiotosha kunywa chai. Huyu akaandika 10, ambayo ni Sh. 240,000. Sh. 192,000 zikawa zimepotea njiani kati ya Kileleshwa na mjini.

Nilipoisoma faili yake sikushangazwa na zile asilimia. Madaktari wawili waweza kutofautiana kwa nia njema. Kilichonishangaza ni kwamba katika karatasi zote zile, na zilikuwa nyingi, hakuna hata moja iliyosema mtu huyu alikuwa akifanya nini kwa mikono yake. Karani wa tajiri aliandika "kibarua" mahali pa kuandika kazi, akaendelea. Daktari wa kwanza alieleza mfupa. Wa pili alieleza kovu. Kwa hao wote, kidole kile kingeweza kuwa cha askari wa langoni, au cha mpishi, au cha karani mwenyewe.

Basi wanachama, shikeni neno hili, kwa maana ndilo lililonifanya niandike. Kifungu cha 30 cha sheria hiyo, sehemu ya 4, chasema kwamba ikiwa jeraha limeleta madhara mazito yasiyo ya kawaida kwa mfanyakazi kwa sababu ya aina ya kazi yake, Mkurugenzi aweza kuamua asilimia kubwa zaidi, kadiri aonavyo kuwa ni haki. Mkurugenzi huyu ni yule wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ofisi yake kuu iko Safety House, barabara ya Commercial, Industrial Area. Yaani jedwali la sheria limeweka bei ya kidole, lakini halikufunga mlango. Fundi wa kusuka vyuma aliyepoteza kidole cha shahada ana haki ya kusema: mimi sikupoteza kidole tu, nimepoteza ufundi wangu. Vivyo hivyo fundi cherehani, na dereva ambaye shingo yake haigeuki.

Tatizo ni kwamba Mkurugenzi hawezi kujua asichoambiwa. Faili inamfikia ikiwa imejaa mifupa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba koleo haishikiki tena. Na ni nani ajuaye kazi ya kusuka vyuma kuliko sisi tunaoifanya? Daktari haijui, wala hatukutarajia aijue. Tajiri anaijua, lakini hana sababu ya kuisema. Waliobaki ni mfanyakazi mwenyewe, wenziwe wa kazini, na chama.

Najua wako watakaosema kwamba chama kisiingie katika mambo ya hospitali. Husema daktari ni mtu aliyesoma, na nyinyi mwataka kumfundisha. Hapana. Hatuombi kushika kalamu ya daktari. Twaomba tu faili yake iwe na ukurasa mmoja zaidi. Wengine husema, na hili nimelisikia hata kwa baadhi ya viongozi, kwamba mkono ni mkono, na watu wote wapewe sawa kwa jeraha sawa. Maneno mazuri ya kanisani. Lakini sheria yenyewe haiwapi sawa, kwa kuwa fidia hufuata mshahara: kidole cha bwana mkubwa wa Sh. 200,000 kina bei mara nane ya kidole cha fundi wetu, na bwana huyo baada ya kupona atarudi kwenye meza yake na kutia sahihi kwa mkono uliobaki. Kama usawa ndio unaotafutwa, uanzie huko.

Na tusidanganyane upande wetu pia. Wako wachache wanaochechemea wakifika mlangoni kwa daktari na kutembea sawasawa wakifika stesheni ya matatu. Hawa huwaharibia wenzao, kwa sababu kila mtu mwingine anayefuata hutazamwa kama mwongo. Karatasi ninayoitaka iseme kweli ya kazi, wala isiongeze chumvi.

Sasa habari ya siku, maana hapa ndipo wengi walipoanguka. Ukiumia, mwambie tajiri mara moja, kwa mdomo au kwa barua, na barua ni bora. Yeye ana siku 7 za kupeleka habari kwa Mkurugenzi. Ajali isipofikishwa kwa tajiri katika miezi 12, haki yako yaweza kufa, hata kama mkono hauko. Madai yakiwasilishwa, tajiri au bima yake wana siku 90 za kuyamaliza. Uamuzi ukitoka na hukuridhika, una siku 60 za kupinga mbele ya Mkurugenzi huyo huyo, naye ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Kazi, pale Milimani. Siku 60 zile huhesabiwa tangu uamuzi kutolewa. Hazingoji mpaka upate nauli. Kwa mtu wa Kangemi au Kawangware, kufika Commercial ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, akakuta faili "haijashuka," akarudi wiki ijayo. Siku hizo zote zahesabiwa.

Tena msidanganywe na wale wanaowaambia mkimbilie mahakamani moja kwa moja. Mambo haya yalikuwa na vurugu kwa miaka kumi. Chama cha Mawakili kiliipinga sheria, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vyake vingi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha karibu vyote, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo. Tangu hapo njia ni moja: kwanza kwa Mkurugenzi, kisha mahakama kwa rufani. Mtu aliyeumia mwaka jana akampa wakili pesa ya kufungua kesi ya madai bila kupita kwa Mkurugenzi, huenda akaupoteza mwaka wake na pesa zake. Sisemi mawakili wote ni wabaya; wako waliotusaidia sana. Nasema ulizeni kwanza.

Liko na jambo jingine linalochanganya watu. Asilimia ya fidia ya kazini si sawa na kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, wale wa Waiyaki Way. Kadi ile ina vipimo vyake vya hospitali ya serikali, na faida zake nyingine, kama kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Wala si sawa na pensheni ya kutojiweza ya N.S.S.F., ambayo kwa sheria ya mwaka 2013 yataka uwe umechangia miezi 36, na ulemavu wako uwe wa kudumu. Ni milango mitatu, na kila mmoja una bawabu wake. Kufungiwa mmoja si kufungiwa yote, na mtu aliyelipwa fidia asidhani amekatazwa kuomba kadi. Nimeona mzee mmoja wa Dagoretti akikaa miaka bila kadi kwa sababu karani fulani alimwambia "wewe ulishalipwa."

Turudi kwenye ile karatasi. Maoni yangu ni kwamba kila tawi liamue katika mkutano ujao kwamba hakuna mwanachama atakayekwenda kupimwa, iwe mara ya kwanza au ya pili, bila barua ya kazi yake mkononi na mwenzake mmoja kando yake. Barua hiyo si ngumu, na haihitaji Kiingereza cha mawakili. Mwakilishi wa wafanyakazi aiandike mahali pa kazi, wenzake wawili wanaofanya kazi ile ile watie sahihi. Iseme mtu huyu huinua nini, hushika nini, kwa mkono upi, kwa saa ngapi, na ni jambo gani ambalo hawezi tena kulifanya. Iseme kama amejaribu kurudi kazini na nini kilitokea. Iseme kama yuko mtu kazini anayeifanya kazi ile bila kidole kile. Kama hayuko, iseme hayuko. Mwisho itaje kifungu cha 30, sehemu ya 4, ili msomaji asidhani twaomba huruma.

Kwa vibarua barua hii ni ya lazima zaidi. Tajiri hupenda kusema mtu wa siku moja hana fidia. Mkataba wa kazi kwa sheria zetu waweza kuwa wa mdomo, na aliyeajiriwa kwa ujira ameajiriwa. Lakini kibarua hana barua ya kazi wala hati ya mshahara, basi sahihi za wenzake ndizo ushahidi wake kwamba alikuwa pale, na alikuwa akifanya nini.

Tena, msitie sahihi karatasi yo yote ya kusema "nimemaliza madai yangu" kabla uamuzi wa Mkurugenzi haujafika na kusomwa na katibu wa tawi. Pesa kidogo ya haraka huletwa siku ambayo mwenye nyumba amepiga hodi, na waletaji waijua siku hiyo.

Yule fundi wetu wa Kawangware amekwisha peleka pingamizi, na barua ya ukurasa mmoja na nusu imo ndani, imeandikwa kwa mkono na wenzake watatu wa Kileleshwa. Ilifika siku ya 52. Jibu halijatoka wakati naandika haya. Matawi yanayotaka kuona nakala ya barua ile, bila majina, waiombe kwa katibu. Mkipeleka za kwenu, pelekeni mbili, na anayepokea ofisini apige mhuri na kuandika tarehe juu ya nakala mnayorudi nayo, ikawekwe katika faili ya tawi wala isibaki nyumbani kwa mtu.